Tumekataza kilabu, tumejenga baraza gani?

UKIFIKA jioni katika kijiji usichokijua, ukawa unamtafuta fundi wa pikipiki, au umebeba taarifa ya msiba ya mtu ambaye hulijui boma lake, mara nyingi hutaelekezwa ofisi ya kijiji. Muda huo ofisi imekwishafungwa. Hutaelekezwa kanisani wala msikitini. Utaambiwa: "Nenda pale kilabuni, wako wote." Na kweli, ukienda utawakuta wote.

Hivyo ndivyo ilivyo katika vijiji vingi vya wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, kuanzia kwa wakulima walio kwenye baridi ya nyanda za juu hadi huku Malambo, kata ya wafugaji katika nchi kavu ya Ngorongoro. Waislamu katika maeneo haya ni wachache. Wengi wetu ni watu wa kuja: walimu, watumishi wa serikali, wenye maduka, madereva na mafundi. Tunaishi katikati ya majirani ambao wengi wao si Waislamu, na ambao kikao chao cha jioni ni kilabu cha pombe ya kienyeji.

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, si kama pombe ni haramu au si haramu. Hilo limekwisha. Swali ni hili: ule ujirani unaopatikana kilabuni ni kitu gani? Je, ni wema wa kweli au ni hadaa tupu? Na kama ndani yake umo wema wa kweli, kwa nini sisi tumeuacha mikononi mwa pombe?

Kilabu kama kilivyo

Kwanza tuseme haki, kwani Mwislamu ameamrishwa kufanya uadilifu hata kwa watu asioafikiana nao. Kilabu cha kijijini si baa. Baa ya mjini ina kaunta, muziki wa kupasua masikio na watu wasiojuana. Kilabu ni nyumba ya udongo au kibanda cha mabati, na magogo au mabenchi yamezunguka. Mwenye kilabu mara nyingi ni mwanamke, pengine mjane au aliyeachiwa watoto, ambaye siku kadhaa kabla ameloweka nafaka, akaiotesha ikawa kimea, akaianika, akaisaga, akaipika na kuiacha ichachuke. Siku pombe inapoiva, habari hutangulia. Watu huja, kila mmoja hukaa mahali pake pa siku zote, na kata au kopo hupita mkono hadi mkono.

Hapo ndipo zinapopatikana habari za mvua na malisho. Aliyepotelewa na ng'ombe hutangaza hapo. Anayetafuta kibarua hukipata hapo. Waliogombea mpaka wa shamba huketishwa na wazee. Akifa mtu, mchango wa kwanza huanzia hapo. Mgeni huulizwa jina lake na ukoo wake. Na mtu asipoonekana siku tatu, wenzake huuliza: yuko wapi fulani, au anaumwa?

Tena wazee wa makabila haya watakuambia kwamba zamani pombe haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Kwa Wamaasai, pombe ya asali ilikuwa ya wazee na ya shughuli maalumu, kama ndoa na sherehe za kimila. Morani, kijana mwenye nguvu za kulinda mifugo, hakuruhusiwa kuinywa. Kwa Wairaqw wa Karatu na Mbulu, pombe iliambatana na vikao vya wazee ambamo husemwa slufay, yaani maombi marefu ya kuombea watu, mifugo na ardhi, mzee mmoja akisema na wengine wakiitikia. Pombe ya namna hiyo ilikuwa ni ya kukaribishana. Mtu aliitwa kwa sababu ni mzee, ni jirani au ni mkwe. Hakuitwa kwa sababu ana fedha mfukoni.

Haya tunayataja si kwa kuyapamba. Tunayataja kwa sababu asiyejua mtu anakwenda kilabuni kufuata nini, hawezi kumtoa huko.

Hukumu haina utata

Wapo wanaosema kwamba yaliyoharamishwa ni mvinyo wa zabibu wa Waarabu, na kwamba pombe ya asali au ya nafaka ni "chakula chetu cha asili". Hoja hii si mpya na jibu lake si jipya. Katika Hadith iliyo kwa Bukhari na Muslim, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vinywaji viwili vya watu wa huko: kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Mtume (s.a.w.) hakuingia katika asali wala shayiri. Alikitazama kile kinywaji kinachomfanya mtu, akaweka kanuni moja kwamba chochote kileweshacho ni haramu. Ukiiweka kanuni hiyo Ngorongoro, pombe ya asali ya wafugaji na pombe ya nafaka ya wakulima zote zimekwishajibiwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Na wapo wanaosema: "Ustadhi, wewe hujui baridi ya huku, wala hujui kazi ya jembe." Hili nalo limekwishaulizwa. Abu Daud amepokea kwamba mtu wa Yemen aitwaye Daylam alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa wao wako katika nchi ya baridi, wanafanya kazi ngumu, na hutengeneza kinywaji cha ngano ili kupata nguvu. Mtume (s.a.w.) akauliza jambo moja tu: je, kinalewesha? Alipoambiwa ndiyo, akasema kiepukwe.

Kwa hiyo mlango wa hukumu umefungwa. Na sayansi ya leo imefika ilipofika dini mapema. Januari 2023, Shirika la Afya Duniani kupitia ofisi yake ya Ulaya lilieleza wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya.

Urafiki au uadui?

Sasa tuingie kwenye uzito wa swali letu. Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 219, haikusema kwamba ulevi hauna faida yoyote. Imekiri kwamba zimo faida kwa watu, kisha ikapima na kusema kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Hili ni somo kubwa kwa sisi tunaofundisha. Mwenyezi Mungu (s.w.) ndiye aliyekiri kuwapo kwa faida, vipi basi sisi tukisimama juu ya mimbari tunaogopa kukiri?

Lakini katika Suratul Maida, aya ya 91, imetajwa sababu ya katazo: shetani anataka kwa ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Allah na kuswali. Hapa mtu wa kilabuni atashangaa. Atasema: "Uadui gani? Mimi marafiki zangu wote niliwapata kilabuni!"

Je, nani msema kweli? Hebu tuupime urafiki huu kwa vipimo vitatu ambavyo kila mmoja anaweza kuvitumia, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu.

Kipimo cha kwanza ni mfuko mtupu. Katika kikao cha kukaribishana, maskini alikuwa na nafasi yake kama tajiri. Pombe ilipoanza kuuzwa, mlango ulibadilika. Siku ya kwanza utanunuliwa na siku ya pili utanunuliwa. Siku ya kumi usipokuwa na kitu, utaonekana mnyonyaji wa jasho la wenzio na nafasi yako katika benchi itakwisha. Kumbe kilichokuwa kinakaribishwa ni mfuko! Urafiki wenye ada ya kiingilio ni biashara iliyovaa nguo za undugu.

Kipimo cha pili ni saa. Kaa nje ya kilabu ukasikilize. Saa kumi jioni utasikia salamu na mashauri. Saa mbili usiku utasikia kelele na siri za watu zikimwagwa. Saa nne utasikia matusi, pengine na fimbo. Watu ni wale wale na benchi ni lile lile. Kilichobadilika ni kiasi kilichonywewa. Ikiwa wema ulikuwapo saa kumi na kadiri pombe ilivyozidi wema ulipungua, basi ni nani mwenye akili atakayesema kwamba pombe ndiyo iliyouleta wema ule? Wema ulikuja na watu wenyewe kutoka majumbani kwao. Pombe iliukuta, ikaula.

Kipimo cha tatu ni wasiokuwapo. Kila kikao kina waliomo na walioachwa. Waliomo kilabuni wanacheka. Nyumbani yupo mama anayetazama njia, yupo mtoto ambaye sare yake ya shule haijanunuliwa, na yupo ndama aliyeuzwa bila wenye boma kushauriwa. Jamii inayojengwa kwa kubomoa nyumba za wanajamii ni jamii gani hiyo?

Kwa vipimo hivi tunaona kwamba Qur'an haikukanusha urafiki wa watu wanaoketi pamoja. Imetuonyesha mwisho wa njia ambao aliyeko mwanzoni hauoni. Na katika zama zetu njia hii imekuwa fupi zaidi, kwa sababu pombe ya kikao imesukumwa pembeni na pombe kali. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi 1, 2017, baada ya vijana wengi kuharibika. Jirani zetu wa Kenya waliona mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 wakifariki jijini Nairobi kwa pombe haramu iliyochanganywa na sumu. Walioiuza na walioinunua walikuwa watu wa mitaa hiyo hiyo. Ujirani haukuwaokoa.

Pombe ilimwagwa, kikao hakikumwagwa

Tukiishia hapo tutakuwa tumefanya kazi nusu, na kwa bahati mbaya wengi wetu tunaishia hapo. Tunasema haramu, tunafunga kitabu, tunakwenda zetu. Hebu tuitazame Madina.

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Sahih Bukhari, kwamba siku lilipotangazwa katazo la mwisho yeye alikuwa kijana akiwahudumia kinywaji wakubwa zake nyumbani kwa Abu Talha (r.a.). Walikuwa ni kundi la marafiki wameketi, kama wanavyoketi watu wa kilabuni. Sauti ya mtangazaji ilipowafikia, Abu Talha alimwamuru amwage, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya mji. Hapakuwa na askari mlangoni wala hapakuwa na msako.

Wengi wetu tukisoma kisa hiki tunaangalia pombe iliyomwagika. Mimi naomba tuwaangalie wale watu. Je, siku ya pili walipoteza marafiki zao? Je, walibaki kila mtu peke yake chumbani hajui pa kwenda jioni? La hasha. Walikutana msikitini alfajiri, wakakutana adhuhuri, wakakutana usiku. Udugu wao ulikuwa umekwishajengwa: muhajiri ameunganishwa na ansari, wageni wasio na makazi wana mahali pao katika Suffa, wajumbe kutoka mbali wanapokelewa msikitini, hata Wahabeshi walicheza mchezo wao wa mikuki humo msikitini mbele ya Mtume (s.a.w.). Pombe ilimwagwa, kikao hakikumwagwa. Kwa hiyo aliyeiacha pombe hakuwaacha watu.

Bi Aisha (r.a.) alilieleza jambo hili kwa ufahamu mkubwa. Katika Hadith iliyo kwa Bukhari ameeleza kuwa kilichotangulia kushuka ni mafundisho ya Pepo na Moto, mpaka watu walipotulia katika Uislamu ndipo yaliposhuka ya halali na haramu. Na lau jambo la kwanza lingekuwa kukatazwa ulevi, watu wangegoma kabisa.

Tofautisha na Marekani. Taifa lile lenye nguvu lilipiga marufuku pombe kwa katiba, na sheria ikaanza kutumika Januari 1920. Walikuwa na polisi, mahakama na magereza. Matokeo yake biashara ikahamia mafichoni, majambazi wakatajirika, na Desemba 1933 katazo likafutwa kwa katiba ile ile. Walijaribu kuondoa kinywaji bila kuigusa imani ya mnywaji na bila kumpa pa kwenda. Na sisi tukitegemea karipio peke yake, tutakuwa tumefuata njia ya Marekani huku tukidai tunafuata ya Madina.

Kikombe cha kahawa

Waislamu waliotutangulia waliufahamu vizuri ukweli huu, na ushahidi ni kikombe cha kahawa. Kunywa kahawa kulienea Yemen katika karne ya 15 miongoni mwa masufi waliotaka kukesha katika dhikri. Kutoka hapo kikafika Makka, Cairo na, katikati ya karne ya 16, Istanbul, na kila kilipofika kilizaa nyumba ya kahawa, mahali ambapo mtu aliweza kukaa usiku na wenzake, akazungumza, akasikia habari na kurudi nyumbani akili yake ikiwa kamili. Mwaka 1511 mtawala wa Makka, Khair Beg, alijaribu kuipiga marufuku kwa kuwa vikao vyake vilimtia shaka. Katazo halikudumu. Watu walikuwa wamepata kitu walichokihitaji: kikao cha jioni kisicho na ulevi.

Urithi huo tunao. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, utakuta watu wazima wameketi kwenye baraza za mawe nje ya nyumba, au pale Jaws Corner, muuza kahawa akimimina kutoka kwenye mdeli, kashata pembeni, na mjadala wa siasa na mpira unawaka. Nenda Lamu, Mombasa, Tanga au vijiwe vya Kariakoo. Maskini na tajiri wanakaa ubao mmoja. Kikombe hakimfilisi mtu, na asiye na kitu hasimamishwi. Mjadala ukiwa mkali sana, adhana ikilia wanainuka. Hiyo ni kazi ya ustaarabu wa Kiislamu iliyofanywa na watu wa kawaida bila hotuba wala semina.

Sasa angalia ajabu hii. Karatu inalima kahawa! Miteremko ya Oldeani, chini ya misitu ya Ngorongoro, ina mashamba makubwa ya kahawa tangu zama za walowezi. Kahawa hiyo hupakiwa kwenye magari na kwenda zake kwa wanywaji wa nchi za mbali, na mkulima anayeichuma hushuka jioni kwenda kilabuni kwa sababu hakuna mtu aliyemtandikia mkeka na kumwekea kikombe. Je, hatuoni kwamba hapo pana kazi yetu?

Tujitazame sisi wenyewe

Hapa pana uchungu, lakini tuseme. Mtu akiacha kilabu akaja msikitini, atakuta nini? Katika misikiti yetu mingi atakuta mlango unafunguliwa dakika chache kabla ya swala na kufungwa kwa kufuli dakika chache baada yake. Atakuta watu wanatoa salamu kulia na kushoto kisha wanatafuta viatu. Atakuta kundi moja halisemeshi kundi jingine kwa sababu ya uongozi au mapato. Akikosekana mwezi mzima, hakuna atakayejua.

Nani kati yetu haijui Hadith ya yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.)? Ilipopita muda Mtume (s.a.w.) asimwone, aliuliza. Akaambiwa amefariki. Masahaba walikuwa wamemzika bila kumjulisha, kama kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume (s.a.w.) akataka aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia. Kiongozi wa dola nzima alihisi pengo la mfagizi mmoja! Leo kinachosifiwa kilabuni, kwamba "pale ukikosekana wanakuuliza", ni Sunna ya Mtume wetu tuliyoiangusha njiani, wengine wakaiokota.

Hatuna haki ya kumshangaa anayetafuta joto kwenye moto wa jirani, ikiwa sisi jiko letu tumelizima.

Mtoto aliyetumwa kumwita baba

Katika kufundisha kwangu nimewahi kuulizwa na mwanafunzi swali ambalo halimo katika muhtasari wa somo: "Ustadhi, mama akinituma nikamwite baba kilabuni, nikiingia nimepata dhambi?" Darasa zima lilinyamaza, kwa sababu wengi walikuwa na swali hilo hilo.

Jibu linahitaji tutofautishe kuingia kwa haja na kuketi kwa starehe. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) makatazo ya kuketi kwenye meza inayozungushwa ulevi hata kama wewe hunywi. Na inasimuliwa kuwa Umar bin Abdul Aziz (r.a.) aliletewa watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa mmoja wao amefunga, akaamuru aanziwe huyo, akitumia aya ya 140 ya Suratun Nisaa kwamba anayekaa nao kwa ridhaa yuko sawa nao. Kwa hiyo yule asemaye "mimi naenda kupiga soga tu, nakunywa soda" ajue kuwa kiti chake ni ushahidi wa kuridhia, na vijana wanaomtazama hawaoni soda, wanaona kiti.

Lakini aliyekwenda kufikisha taarifa ya msiba, kumchukua mgonjwa, au kumrudisha baba yake nyumbani, huyo amekwenda kwa ajili ya kheri. Afikishe ujumbe na atoke. Na sisi watu wazima tuone aibu kwamba kazi hii tumemwachia mtoto. Jirani Mwislamu mwenye nguvu zake angeweza kumwambia mama yule: "Mwache mtoto alale, nitakwenda mimi."

Na mkutano wa mchango wa msiba ukiwa umeitishwa kilabuni, tusikatae msiba wa jirani kwa kisingizio cha mahali. Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka akadhani jirani atarithi, na usia huo haukubagua dini ya jirani. Tuwaombe wazee kwa heshima: "Wazee wetu, tusogee pale chini ya mgunga, nasi tupate kushiriki." Ukiomba kwa adabu, na ukawa mtu ambaye hakosekani mazikoni, ni vigumu mzee kukukatalia. Anayekosekana mazikoni kisha akaja kukataza, huyo hasikilizwi.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu Waislamu wanaokunywa. Wapo, tusifiche. Alikuwapo mtu katika zama za Mtume (s.a.w.) aliyeletwa mara nyingi kwa kosa la kulewa na akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akatoa ushahidi kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, lakini mlango wa udugu haukufungwa. Sisi tunafanya kinyume: adhabu hatuna, lakini mlango tumeufunga.

Mama mwenye pipa

Amebaki mtu mmoja ambaye mahubiri yetu humsahau au humtukana tu: yule mama anayepika. Hadith imewataja kwa laana watu kumi wanaohusika na ulevi, akiwamo anayeutengeneza na anayeuuza. Kwa aliye Mwislamu hakuna njia ya kuhalalisha. Lakini ukimuuliza kwa nini anapika, atakuonyesha daftari la shule. Pipa lile ndilo shamba lake na ndilo mume wake.

Dini iliyomharamishia biashara hii ndiyo iliyoweka zaka katika mafungu manane, na mafungu mawili ya mwanzo ni mafakiri na maskini. Mtaji wa kuuza maziwa, chai na maandazi, mkaa, au nafaka ile ile kabla haijawa kimea, si fedha ya kutisha. Wenye maduka watano au sita Waislamu katika kijiji kimoja wanaweza kumkopesha mama mmoja bila riba, akarudisha kidogo kidogo, kisha akapewa mwingine. Tukimwambia "acha" na mkono wetu ukiwa mtupu, tumemwambia achague kati ya haramu na njaa ya watoto. Hakika hilo si agizo jepesi, na mwenye kulitoa bila kusaidia ajiandae kuulizwa.

Lambo

Jina Malambo kwa anayejua Kiswahili lina maana yake. Lambo ni bwawa la kuhifadhi maji, na wafugaji wanajua thamani yake. Ng'ombe mwenye kiu haongozwi kwa hotuba. Ukimfukuza kwenye tope bila kumwonyesha lambo, atazunguka kichaka na kurudi kwenye tope lile lile. Fimbo haimalizi kiu.

Binadamu ana kiu ya kuwa na wenzake, kujulikana jina lake, kuulizwa hali yake na kuombolezewa anapofiwa. Kiu hiyo ameiumba Mwenyezi Mungu (s.w.) mwenyewe, nayo si dhambi. Kilabu kimechimba shimo la tope karibu na njia, nasi tumesimama pembeni tukieleza, kwa usahihi kabisa, kwamba tope ni chafu.

Kinachotakiwa si kikubwa. Mkeka, birika la kahawa ya tangawizi au chai ya maziwa, taa, na watu wawili au watatu wenye nia, kila siku baada ya Magharibi hadi Isha, nje ya msikiti au mbele ya duka. Jirani asiyekuwa Mwislamu akaribishwe bila kulazimishwa kusikiliza mawaidha. Habari za mnada na mvua zizungumzwe hapo, mchango wa msiba uanzie hapo, ugomvi wa malisho uletwe hapo. Na mtu asipoonekana siku tatu, mmoja ainuke aende kwake.

Wallahu a'lam.